Sindano ya Bi Time

Siku ya pili ya matanga ya Bi Salama nilikaa sebuleni kwao Al Amerat, Maskati, mgongo ukutani, juzuu ya Kurani mkononi, nikajifanya nasoma. Umri huu macho yangu hayaoni herufi bila ya miwani, na miwani niliisahau garini, lakini juzuu ina faida yake: ukiishika, hakuna anayekusemesha. Wanawake wawili ubavuni mwangu walikuwa wakibishana kwa minong'ono kama wali wa jana ulikuwa umeiva au umerojeka kwa maji mengi, na mmoja akasema, "Marehemu angekuwepo, wali ule usingetoka jikoni." Nikacheka kimoyomoyo, maana alisema kweli. Asya, binti wa marehemu, akaja na birika la kahawa, akainama kama ananimiminia, akaniachia mapajani furushi dogo lililofungwa kwa kipande cha kanga. "Mama kasema hii yako, Bi Zuwena. Na yapo maneno yake, ntakwambia watu wakipungua." Nikalibonyeza lile furushi. Lilikuwa jepesi, la mviringo, na katikati pana kitu kikanichoma kidole. Nikajua ni kofia, na nikajua ni kofia ipi, na baridi ikanipanda mgongoni katika nyumba iliyojaa watu na joto la jikoni. Mara ya mwisho niliiona miaka thelathini nyuma, ikirudishwa ndani ya mkoba wa Bi Salama, chumbani kwa Bi Moza, Matrah. Tangu siku hiyo, kila nikimwona yule mama kwenye harusi nilikuwa natafuta mlango wa pili.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu, karani wa wizara moja Al Khuwair, na kila Alkhamisi, ambayo zama zile ilikuwa siku ya mapumziko, nilipanda teksi nikaenda Matrah saa saba mchana. Saa hiyo Matrah inakufa. Maduka yamefungwa hadi saa kumi, paka wamelala chini ya magari, na ukitembea kwenye vichochoro unasikia hatua zako zinarudi kutoka ukutani, kama kuna mtu anakufuata na hana haraka. Tangu udogoni tuliambiwa saa saba si saa ya kuzurura, ndiyo saa wanayopita wenyewe, na hao wenyewe hawatajwi kwa jina. Ndiyo maana Bi Moza aliichagua. Alisema watu wanawaogopa majini kuliko wanavyopenda kujua mambo ya watu, basi tuwaachie majini kazi ya kutulinda. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la vitambaa lililofungwa siku nyingi, ngazi yake nyembamba na ina giza hata mchana, na ukifika juu unapokewa na harufu ya papa mkavu aliyepikwa kwa nazi, udi, na unyevu wa kiyoyozi cha dirishani kilichokuwa kikidondosha maji ndani ya ndoo, tone, tone, muda wote tuliokuwa humo. Chini ya dirisha palikuwa na kiti cha mbao chenye mto mwekundu. Hakuna aliyekikalia. Kilikuwa cha Bi Time.

Bi Time nilimkuta ameshakufa. Yeye na Bi Moza walitoka Unguja pamoja wakiwa wasichana, wakaishi chumba kimoja maisha yao yote, na kwa watu waliitwa mabinamu. "Mabinamu gani," Bi Moza alituambia siku moja, akitoa miba ya samaki mdomoni, "baba yake na baba yangu hata hawakuwahi kusalimiana." Hakuna mtu aliyewahi kunena kitu kama hicho mbele yangu, tena kwa sauti ya kawaida, mdomo una wali. Mimi nilikuwa nikimpenda msichana mwenzangu wa ofisini na nikadhani ni mimi peke yangu niliyeumbwa hivyo Maskati nzima. Tulikuwa watatu tuliokwenda kwake. Mimi nilikuwa naandika mashairi. Khalfan, mchora ramani wa wizarani kwetu, aliyenipeleka huko mara ya kwanza, alikuwa akituchorea nakshi. Na Said alikuwa akishona kofia za viua, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi mweupe hadi kitambaa kikawa kinapitisha upepo. Bi Moza alikuwa na sharti moja, mikono isikae bure. Akibisha mtu hodi, sote ni mafundi wa Bi Moza, tunashona kofia, khalas. Kwa hiyo hata mimi nikajifunza kushona, vibaya, na Said alikuwa akiangalia viua vyangu akisema, "Zuwena, hivi ni vitundu vya panya."

Said alikuwa na miaka ishirini na tano, mrefu, sauti yake laini, akicheka anajifunika mdomo kwa ukingo wa mkono kama bibi harusi. Kwao walisema ana pepo wa kike. Bi Moza hakukataa kuwa ndani yake mna wawili, ila hakuona kwa nini mmoja atolewe. "Kwetu Unguja walikuwepo kama wewe," alimwambia, "na kazi zao zinajulikana. Nani alimpamba bibi harusi, nani alipiga ngoma ya msondo ndani kwa wanawake, nani alitunga nyimbo? Watu waliwajua na waliwapa nafasi. Tulipohamia hapa tumebeba kila kitu, tumebeba hata vibao vya mbuzi vya kukunia nazi. Nafasi yenu ndiyo tuliyoisahau bandarini." Kisha akapiga mkeka kwa kiganja. "Basi nafasi yenu hii hapa. Ndogo, ina papa, lakini ipo." Mchana ule Said alipiga ngoma kwenye kitako cha sufuria, pole pole ili isisikike chini, Khalfan akatuonyesha mchoro wa nyota nane alioubuni, nami nikasoma shairi langu la kwanza mbele ya watu. Nilipomaliza tu, kiti cha dirishani kikalia, kile kilio cha mbao mtu anapojiweka sawa. Bi Moza akageuka akakiambia kiti, "Umelipenda, eeh?"

Nilijizoeza kutotazama upande wa dirisha. Kioo kilikuwa kimepakwa chokaa kuzuia jua, mwanga ukiingia mweupe usio na kivuli, na kile kiti kilionekana daima kama kimeachwa sasa hivi. Desturi ya chumba ilikuwa kwamba kila kofia, upande wa nyuma, nyota moja inachorwa lakini haishonwi. Tuliiita nyota kipofu, na ilikuwa sehemu ya Bi Time, akitaka aje aishone mwenyewe. Lakini kilichonitisha ni sindano. Kwenye ule mto mwekundu ilichomekwa sindano aliyoitumia marehemu, na kila Alkhamisi Bi Moza alianza kwa kuipapasa. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho yote mawili, angeweza kutia chumvi kwenye chai yako akidhani sukari, hawezi hata kidogo kutunga uzi. Na kila Alkhamisi sindano ilikuwa imeshatungwa, uzi mpya, mweupe, umefundikwa vizuri mwishoni. "Kaja," Bi Moza alikuwa akisema, uso wake unalainika. "Kanitungia." Nami nywele zilinisimama, nikashika kazi yangu na kuhesabu matone ya ndoo.

Said hakuwa anaogopa wafu, alikuwa anawaogopa wajomba zake. Walishampeleka kwa waganga mara mbili apungwe pepo, na mara ya tatu waliazimia kumpeleka kwa mtu mmoja nyuma ya milima, ambaye tulisikia huwafunga watu minyororo hadi pepo achoke, na wengine waliorudi kutoka kwake hawakuwa tena na la kusema. Ndipo Said akatoroka nyumbani Al Amerat, akawa analala kwa Khalfan. Kilichomuuma ni mama yake. Bi Salama ndiye aliyemfundisha kushona, na Said alitaka kitu kimoja tu ambacho hakikuwezekana, mama ajue kuwa yu hai na asijue yu wapi. "Akijua nilipo, watamkamua hadi aseme," alikuwa akituambia, kisha anakata uzi kwa meno, krat, ijapokuwa Bi Moza alimwekea mkasi mbele yake na kumgombeza kila siku. Kwa sababu hiyo kofia za Said hazikuruhusiwa kutoka chumbani. Zetu zilitoka, zake zilipangwa juu ya kabati, nyeupe, moja juu ya moja, hazina kichwa cha kuvikwa.

Kosa nililifanya mimi, kwa majivuno. Said alinipa kofia moja, ile ya nyota nane za Khalfan, kunishukuru kwa shairi, akaniambia niiweke kabatini kwangu. Mwezi wa pili wake kaka yangu Nassor akawa anaoa, mke kutoka Al Amerat. Kwetu kofia ya bwana harusi hupelekwa kwao bibi harusi pamoja na kanzu, ikafukizwe udi na wanawake kabla ya harusi. Mama alikuwa amenunua kofia ya dukani, ngumu, ya mashine. Niliitazama nikaona aibu. Nikaitoa siniani, nikaweka ya Said. Nilitaka watu waione, ndiyo basi, nilitaka kitu kizuri kilichotoka kwetu kipigiwe vigelegele hata kama hakuna anayetujua. Nikasahau jambo ambalo kila mwanamke wa kwetu analijua: mkono wa mshonaji ni kama sauti yake. Sinia likazungushwa, wanawake wakaishika kofia, wakaisifu, hadi ikamfikia mama mmoja mnene aliyekaa karibu na mlango. Hakuitazama nje. Aliigeuza ndani, akapitisha kidole gumba juu ya mafundo, taratibu, akarudia. Vigelegele vikaendelea ukumbini, yeye akawa amekaa tu. "Kaishona nani hii?" akaniuliza. Mimi, kwa pupa ya kusifiwa, nikajibu, "Fundi wetu wa Matrah, Bi Moza." Jirani yake akamwita, "Bi Salama, pitisha na wenzio waone," nami nikajua nimemjibu mama yake Said. Sinia liliporudi kwetu lilikuwa na kanzu peke yake. Kofia ilikuwa imeibiwa, na mama yangu alilalamika mwezi mzima kuhusu tabia za watu wa kule.

Sikuwaambia. Niliona aibu, na nilijidanganya kwamba huenda yasitokee mambo. Alkhamisi iliyofuata nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia, sijavua hata baibui. Khalfan hakuwa amefika. Said, ambaye siku zote hunitangulia, alikuwa amesimama karibu na dirisha. Tukasikia hatua kwenye ngazi, nzito, zinapumzika kila baada ya mbili, na hatukuwa na mtu anayepanda hivyo. Bi Moza akaonyesha kwa kidole pazia la kitanda. Said akajificha nyuma ya pazia. Bi Salama akaingia peke yake, jasho linamchuruzika, akatoa salamu, akakaa mkekani bila ya kukaribishwa, akafungua mkoba akatoa kofia.

"Nimeiba," akasema. "Sijapata kuiba tangu nizaliwe. Nambie aliyeishona, Bibi."

Mimi nilikuwa natazama pazia. Lilikuwa linatikisika kidogo, labda ni upepo wa kiyoyozi. Bi Moza alichukua kofia, akaipapasa, na akasema uwongo ambao hadi leo sijui aliutoa wapi. "Aliyeishona hii kafa. Hicho hapo kiti chake. Akiitwa Time. Nyota hiyo ya nyuma tumemwachia yeye."

"Kafa lini?"

"Zamani."

Bi Salama akanigeukia. "Na wewe binti, wasemaje? Kafa?" Macho yake yalikuwa yameniganda usoni. Nilinyamaza. Katika maisha yangu nimesema maneno mengi ninayoyajutia, lakini hakuna lililonitesa kama ukimya ule. Akasimama, akaenda dirishani. Akainama juu ya kiti, akaichomoa sindano ya Bi Time kutoka kwenye mto, akavuta ncha ya uzi kwa vidole viwili, akaigusisha mdomoni. Tone, tone, ndooni. Kisha akairudisha sindano pale pale, na akaanza kukisemesha kiti, kwa sauti kubwa mno kwa chumba kidogo kile.

"Time, mimi Salama. Nimeambiwa umekufa, basi ntasema na wewe hivyo hivyo. Mkono wako mzuri. Mie nilikuwa na mwana akishona hivi, nilimfundisha alipokuwa na surua, ili asijikune. Nakwambia kula. Ukishika kazi unasahau kula. Na Alkhamisi ijayo usiwepo hapa. Kaka zangu washasikia habari ya fundi wa Matrah, watakuja. Maiti hana la kuogopa, lakini nakwambia tu. Ukitaka kwenda, nenda mbali, usigeuke nyuma kwa ajili ya mtu yeyote. Mie nimekusamehe yote, na wewe unisamehe kwa wale waganga wawili. Nilidhani nakutibu." Akaitia kofia mkobani, akatuaga, na hatua zake zikashuka ngazi, mbili, pumziko, mbili, pumziko. Nilimwona mwanamke aliyerukwa na akili kwa huzuni akizungumza na kiti kitupu, na nilikuwa mimi niliyemfikisha hapo.

Said alipotoka nyuma ya pazia uso wake haukuwa na rangi. "Kanizika," akasema. "Umesikia? Kasema na mimi kama maiti." Nikamwambia yote, habari ya sinia, nikalia, na yeye ndiye akanifuta machozi kwa upindo wa kazi yake, jambo lililonifanya nilie zaidi. Wajomba walikuja kweli wiki ile iliyofuata. Walimkuta bibi kipofu anapika papa, wakarudi. Siku hiyo Said alikuwa ameshaondoka kwenda Unguja. Kabla hajapanda ndege alinilisha yamini nisimwambie mama yake chochote maadamu wajomba wapo, na akaniuliza swali ambalo aliendelea kuniuliza kwenye simu kwa miaka thelathini, "Unadhani alijua nipo nyuma ya pazia?"

Alkhamisi ya kwanza bila ya Said, Bi Moza alipapasa mto, na sindano ilikuwa tupu. Alipapasa tena na tena. Ndipo nilipofahamu ni nani aliyekuwa akitangulia kufika, na kwa nini. Wiki iliyofuata nikawahi mimi, nikatunga uzi, na Bi Moza akasema, "Kaja," nami nikageuza uso. Niliendelea hivyo hadi alipofariki. Mara moja tu sikuwahi. Nilikwama na wageni nyumbani, nikafika wa mwisho, moyo unanidunda ngazini. Sindano ilikuwa imetungwa. Khalfan aliapa kuwa hakuigusa, na Khalfan hajui kusema uwongo. Sikuuliza zaidi, na tangu hapo nilipoingia chumbani mle nilikuwa nikikisalimu na kiti.

Bi Salama alikuwa akinikamata kwenye harusi moja kati ya tano, pamoja na kukwepa kwangu kote. Hakunitukana, hakuniuliza juu ya mwanawe. Alikuwa akinishika mkono na kusema, "Bado mnashona huko?" Nami, kwa haya, namjibu, "Tunashona, Bi Salama." Yeye anasema, "Alhamdulillahi," ananiachia mkono, anarudi kwenye sahani yake. Nilidhani ni mazungumzo ya kupitisha wakati.

Watu walipopungua, Asya alinivuta jikoni, kati ya masufuria ya kukodi. Nikalifungua furushi. Kofia ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa. Nikaitafuta nyota ya nyuma, ile kipofu, nikakuta imeshonwa, viua vyote, na mkono ulikuwa wa Said. Fundo lile lile, mvuto ule ule. Sindano ilikuwa bado imechomekwa pembeni, na uzi wake ndani. Nikamuuliza Asya, "Amekuja lini?"

"Nani? Kaishona Mama. Alirudi mchana mmoja kutoka Matrah, nilikuwa mdogo, akakaa pale mlangoni akaishona hadi jua likashuka, hataki kuzungumza na mtu." Akapangusa mikono kwenye kanga yake. "Maneno yenyewe kanikaririsha mara tatu, na mie sijui maana yake. Kasema, mwambie yule binti aliyenyamaza kwamba uzi ulikuwa bado umelowa."

Nikakaa juu ya gunia la mchele. Niliuona tena mdomo wa Bi Salama unagusa ncha ya uzi aliyoikata Said kwa meno dakika ile ile. Alikuwa anajua mwanawe yuko nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka alipo, na hakulifunua. Alisema yote aliyotaka kumwambia, akamwonya, akamruhusu, kisha akashuka ngazi peke yake ili asiwe na kitu cha kukamuliwa. Asya alinitazama nikilia, hakushangaa sana. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayejaribu maneno ya mama yake, "Kaka yangu bado anashona?"

"Anashona," nikamwambia.

"Alhamdulillahi."

Nilimpigia Said nikiwa garini, nje ya nyumba yao, jua linawaka juu ya vilima. Yeye naye ana chumba cha juu sasa, Unguja, na kina watu wake wa kila Alkhamisi, wachoraji, waimbaji, mafundi, wa namna yetu, na nilisikia mmoja wao anaimba nyuma yake. Ya kifo alikuwa ameshayasikia; nikamwambia habari ya uzi. Nikamwambia na nyota imeshonwa. Akamwambia yule anayeimba anyamaze kidogo. Kisha ikanifikia sauti ndogo ninayoijua, krat, ya mtu anayekata uzi kwa meno.